Sindano, Bunduki na Pikipiki ya Ndambuki

Kijiwe chetu kiko Thika, mahali njia ya Majengo inapokutana na barabara iendayo Ruiru, chini ya paa la mabati ambalo Ibra muuza kahawa alilijengea birika lake la shaba kabla hajajijengea nyumba. Pana benchi moja refu la mbao, nalo lina ncha mbili zisizolingana heshima. Ncha ya upande wa barabara ni ubao mtupu. Ncha ya upande wa birika ina mto wa ngozi nyeusi, mnene, ulioshonwa kwa uzi maradufu, ambao Ndambuki alituletea siku alipoanza kuifumua pikipiki yake kuukuu. Mto huo ndio kiti cha enzi cha kijiwe: awahiye huukalia, na aukaliaye ana haki ya kusema kwanza. Jumamosi ninayoisimulia, katika mwaka wa 1996, aliyeuwahi alikuwa Opiyo, ambaye sote twamwita Meja. Jeshini alikuwa mpishi, lakini hapajatokea mtu aliyemwita Mpishi akaitikiwa.

Mbele yetu ilisimama pikipiki yenyewe, imekamilika. Ilikuwa Royal Enfield, aina iitwayo Bullet, ya mwaka 1951, yenye silinda moja, iliyoundwa Uingereza kwa ajili ya watu wapendao mwendo na mashindano. Ndambuki aliipata ujanani kwa msimamizi wa shamba la kahawa huko Ruiru aliyekuwa akirudi kwao. Ilimhudumia miaka mingi, kisha ikafa, na kuku wakalala juu yake hata wajukuu wa kuku wale wakaiona kuwa ni mti. Sasa ilikuwa iking'aa kiasi cha kumfanya mtu arekebishe kola yake akipita karibu.

Ndambuki hakuja kuketi. Alikuwa akipita tu. Mkewe Kalondu, mama yake Nzilani, alikuwa ameondoka nyumbani wakati wa mvua, siku alipokuta kabureta ikichemka ndani ya sufuria yake ya ugali. Hakugombana na mtu. Alifunga nguo zake, akaenda kwa dada yake huko Theta, njia ya Ruiru, na akaacha neno moja: siku hicho chuma kitakapotembea, mume wangu aje anichukue nacho, nione kama kilistahili sufuria yangu, kabla ya hapo asijisumbue. Sasa kilikuwa kinatembea. Ndambuki alikuwa amempelekea habari kwamba atafika kabla ya saa nne, naye alikuwa ameoga, amevaa koti la Jumapili, na kofia ya pikipiki ameibana kwapani.

— Ibra, kimoja tu. Nakunywa nikisimama hivi hivi.

— Kunywa, Spana, alisema Meja kutoka juu ya mto, kwa maana Spana ndilo jina la Ndambuki hapo kijiweni. — Lakini kabla uende, hebu ambia hawa watu hiyo picha ya hapo ubavuni ni ya nini.

— Ni mzinga wa vita.

— Mmesikia? Mzinga wa vita. Na hiyo mashine yenyewe inaitwa Bullet, yaani risasi. Sasa mtu anichoree mzinga, anipatie risasi, halafu Farouk aniambie hiyo si kiwanda ya bunduki.

— Haikuwa ya bunduki, alisema Farouk. Yeye ni fundi wa nguo, na cherehani yake iko barazani pa duka la jirani, hatua chache kutoka kwa benchi, ili kazi isimzuie kusikia. — Hao watu walianza na sindano.

— Sindano gani?

— Hii, Meja. Farouk alichomoa moja kutoka kwenye ukosi wa shati lake, akaiinua kwenye mwanga. — Ya kushona. Iliyoshona hiyo suruali umekalia.

— Nani alikuambia huo uongo?

— Muulize mwenye pikipiki.

Ndambuki alikuwa amekwisha kuvaa kofia. Aliivua.

— Ni kweli, alisema. — Juzi nilikuwa naijaribu, nikafika pale hoteli ya Chania. Kulikuwa na mzungu mzee anaangalia maporomoko. Aliposikia hii, akawacha maji akanifuata. Aliwahi kuwa na kama hii akiwa kijana. Akaniambia kabla ya pikipiki, hao watu walikuwa wa sindano. Huko kwao, karibu na mji unaitwa Redditch. Halafu wakaingia baiskeli. Halafu wakapata kazi ya kutengeneza vipuri vya bunduki, za kile kiwanda cha serikali cha Enfield. Jina likatoka hapo. Pikipiki ilikuja nyuma, nafikiri mwaka wa 1901.

— Umesikia bunduki hapo ndani? aliuliza Meja.

— Nimeisikia katikati, alijibu Farouk. — Sindano nimeisikia mwanzo.

— Lakini jina ilitoka kwa bunduki. Mtoto anaitwa kwa jina la nani? La babake.

— Mtoto anaitwa kwa jina la aliyemlipia karo. Aliyemzaa ni mwingine.

— Maalim, alisema Meja, akinigeukia mimi, — wewe umesoma mpaka miwani yako imechoka. Huyu aliyetangulia na huyu aliyepatiana jina, baba ni nani?

Nikawajibu kwamba mbele ya sheria mzazi na mlezi ni watu wawili, kila mmoja ana haki yake, na kwamba jambo lenyewe lataka kuchunguzwa pasipo haraka. Jawabu hilo liliziridhisha pande zote mbili, na nadhani ndilo lililoiharibu asubuhi. Ndambuki aliketi kwenye ubao.

— Wazee, nyinyi hamjaelewa biashara, alisema Samir, auzaye kanda za muziki, ambaye kwa kazi yake hiyo amepewa jina la Stereo. — Hao wasee walikuwa wajanja. Cheki. Unatengeneza sindano. Mama ananunua moja, anakaa nayo miaka kumi. Wewe utakula nini?

— Sindano hupotea, alisema Farouk.

— Haipotei ya kutosha. Sasa unafanya nini? Unamletea bwanake baiskeli.

— Ili?

— Ili ipasue suruali, manze. Mtu akipanda baiskeli mwezi mmoja, huku nyuma kumeisha. Atarudi kwa nani? Kwa ule wa sindano.

Farouk, ambaye ametia viraka kwenye suruali za waendesha baiskeli tangu ujana wake, alionekana kama mtu aliyefunuliwa jambo.

— Na pikipiki? aliuliza.

— Inapasua haraka zaidi.

— Na bunduki? aliuliza Meja.

— Hiyo ni ya wale walikataa kununua sindano.

Ibra alicheka hata kahawa ikamwagika kwenye sahani. Ndambuki alisimama.

— Mimi naenda. Mama Nzilani ananingoja.

— Nenda, nenda, alisema Meja. — Lakini kuna kitu kimoja. Hii ndogo hapa juu ya pedali ya gia. Hii ni nini?

Yeyote aliyewahi kutengeneza kitu kwa mikono yake ajua kwamba hapo mtu hawezi kuondoka. Ndambuki alichutama kando ya mashine, koti la Jumapili likigusa vumbi.

— Hii kubwa ndio gia. Iko mguu wa kulia. Breki iko kushoto. Si kama hizi za Wajapani. Sasa ukiwa gia ya nne, ama ya tatu, na mbele umeona ng'ombe, hutaki kuhesabu kurudi chini. Unakanyaga hii ndogo mara moja tu na kisigino. Gia inatoka yote, injini inazunguka bure.

— Hiyo, alisema Meja polepole, — ni ile ya kufungia bunduki isilipuke. Nimeishika mara elfu.

— Ulishika mwiko, alisema Farouk. — Hiyo ni ya kuinua mguu wa cherehani. Unaiinua, kitambaa kinatoka, sindano inabaki juu inacheza bure. Ni kitu kile kile. Na hiyo ya kupigia teke ili iwake ni nini, kama si kanyagio? Hao watu hawakuacha kazi yao. Walichukua cherehani wakaiwekea magurudumu.

— Na uzi wanaweka wapi?

— Uzi ni barabara, alisema Stereo.

Saa nne ilifika, ikatutazama, ikapita. Ndambuki aliangalia saa yake, akaangalia upande wa Ruiru, akamwomba Ibra kikombe kingine.

— Lakini wacheni niseme ukweli, alisema Stereo. — Hii kazi imekuwa safi sababu yangu. Ni mimi nilileta picha. Akaitoa mfukoni, karatasi ya gazeti la zamani la kizungu, imekunjwa mpaka mikunjo imekuwa myeupe. Ilionyesha pikipiki kama hiyo ilivyotoka kiwandani. — Bila hii, Spana angewacha ile keria ya kubebea vitu huko nyuma.

— Keria ya fundi wa jua kali, alisema Meja kwa dharau. — Ni mimi nilimwambia akate. Keria, na vile vyuma vya kuwekea miguu huko nyuma. Nilimwambia hii ni mashine ya mashindano, si punda. Kitu haiko kwa picha, toa.

— Nikatoa, alisema Ndambuki. — Nikakata, halafu nikasaga na grainda mpaka huwezi kujua kulikuwa na kitu. Pitisha kidole hapo.

Meja alipitisha kidole. Stereo alipitisha kidole. Hata mimi niliombwa nipitishe, nikapitisha, na ni kweli kwamba chuma kilikuwa laini kama shavu.

— Na kiti? aliuliza Farouk.

— Kiti ni wewe, Farouk. Hakuna mtu mwingine.

Farouk aliinamisha kichwa. Kiti chenyewe kilistahili sifa. Kilikuwa tandiko la ngozi ya kahawia, la mtu mmoja, dogo, lenye springi mbili chini yake na umbo la pera, na mshono wake ulizunguka ukingoni bila kuyumba hata mahali pamoja. Nyuma yake hapakuwa na kitu ila bamba la kukingia matope, jembamba, lililopinda kwa uzuri kufuata gurudumu.

— Na kabureta je? alisema Meja. — Mbona hamsemi ya kabureta? Ilikuwa imeziba kabisa. Nani alimwambia achemshe na maji ya ndimu? Ni mimi. Nikamwambia tafuta sufuria nzito, ya ugali, ile haiungui chini. Hiyo ni elimu ya jeshi.

— Ni elimu ya jikoni, alisema Farouk.

— Jeshi yote inatoka jikoni. Na hapo ndio nawapata, wewe na sindano yako. Hiyo sindano ya kwanza haikuwa ya nguo. Sikiliza. Vita ikikuja, kiwanda ya risasi inaonekana kutoka mbali, adui anaijua. Kwa hivyo unaficha. Unaandika mlangoni: hapa tunauza sindano. Mama wanaingia, wanatoka. Ndani, usiku, ni bunduki tupu. Hizo sindano zilikuwa ni pazia.

— Na baiskeli?

— Ya kupeleka habari.

— Na wamama waliotoka na sindano kwa mkono?

— Wanajeshi, alisema Meja, — wamevaa rinda.

Hata Stereo aliona kwamba uongo huo ulikuwa umepanda juu kiasi cha kuogopesha. Farouk, alipopata pumzi, alisema kwamba maneno yanachosha, na kwamba kitu huufichua ukoo wake kwa sauti. Iwashwe, isikilizwe. Ikilia kama cherehani, ni ya sindano; ikilia kama bunduki, Meja atapewa haki yake.

Ndambuki hakuhitaji kuombwa mara ya pili. Aliweka mguu kwenye kanyagio, akatafuta mahali pistoni inapokaza, akateremsha uzito wake wote mara moja. Ikawaka. Ilikuwa na mlio mzito, wa taratibu, kila pigo likijulikana peke yake, mithili ya mtu mnene apandaye ngazi bila wasiwasi.

— Cherehani, alisema Farouk, macho ameyafumba. — Inashona turubai.

— Bunduki kubwa, alisema Meja. — Inapigwa na mtu ametulia.

— Mimi naona ni kahawa, alisema Ibra, ambaye hasemi mara nyingi. — Sikilizeni, inachemka. Kitu kama hii haiwezi kuanza na sindano wala bunduki. Ilianza na watu walikaa mahali hivi, wakinywa kitu, wakakosa mtu wa kuwafukuza.

Wakati huohuo adhana ya adhuhuri ilipaa kutoka msikitini. Ndambuki ni Mkristo, tena mzee wa kanisa, lakini alizima injini kwa adabu. Katika ukimya ule ndipo tulipomwona mwanamke aliyesimama nyuma yetu, kiondo mgongoni na mkoba mkononi, akiwa na vumbi la barabara ya Theta kwenye viatu. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

— Hamjambo wazee, alisema Kalondu.

— Hatujambo, Mama Nzilani, tuliitika, kwa unyenyekevu ambao haukuwapo dakika moja kabla.

— Mama Nzilani, alisema Ndambuki, — nilikuwa hapa tu, niko njiani.

— Naona. Nimekungoja mpaka dada yangu akaanza kunihurumia. Nikaomba nafasi kwa gari ya maziwa. Aliuteremsha mkoba. — Ndiyo hii?

— Ndiyo hii.

Aliizunguka pikipiki polepole. Aligusa tangi kwa ncha za vidole, akagusa taa, akainama akajitazama kwenye chuma kilichong'arishwa, akarekebisha kitambaa cha kichwani. Twaweza kuwa wazee wa porojo, lakini sote tuliona kwamba uso wake ulikuwa unalegea.

— Imekuwa nzuri, alisema. — Imekuwa kama ile siku ulikuja nayo kwa baba.

— Imezidi hiyo siku, alisema Ndambuki.

— Na inatembea?

Ndambuki aliiwasha kwa pigo moja, akaketi kwenye tandiko la pera, akavaa kofia, akageuza shingo kumtazama. Nadiriki kusema kwamba sijamwona mwanamume wa umri wake akiwa na furaha ya namna ile. Kalondu alikaza kiondo, akakusanya leso yake kwa mkono mmoja, akaja upande wa kushoto kwa hatua za mtu aliyepanda hapo miaka mingi. Aliweka mkono wake juu ya bega la mumewe. Akainua mguu. Mguu ulitafuta chuma cha kukanyaga, haukukiona, ukarudi chini.

— Baba Nzilani.

— Eeh.

— Mimi nitakaa wapi?

Farouk aliirudisha sindano kwenye ukosi wake. Stereo aliikunja ile picha, akaikunja tena, akaitia mfukoni. Ndambuki alitazama nyuma ya tandiko kana kwamba pale palikuwa na kitu asubuhi ile na mtu amekiiba.

— Ile keria, alisema, — haikuwa kwa picha.

— Na mimi nilikuwa kwa picha?

— Hapana.

— Hapo nilikaa nikienda Ol Donyo Sabuk kanisani. Hapo nilikaa na Nzilani mgongoni akiwa na homa, usiku, na wewe ukiimba ndio asilie. Sauti yake haikuwa ya hasira. — Nani alisema nitolewe?

Asubuhi nzima pale kijiweni hapakuwa na sifa isiyogombaniwa. Sasa ililetwa hii moja, na hakuna aliyeidai. Mimi mwenyewe, niliyepitisha kidole, nilijishughulisha na miwani.

Kalondu aliyazungusha macho yake benchini, mtu mmoja mmoja, hata yakafika kwenye ncha ya upande wa birika. Yakashuka.

— Meja, hebu simama.

Meja alisimama. Kalondu aliuchukua ule mto mweusi, akaukung'uta kwa kiganja, akauweka juu ya bamba la matope nyuma ya tandiko. Ukateleza. Akauweka tena, akapapasa chini yake akitafuta vyuma vya ile keria vilivyokuwa vikiushikilia zamani. Kidole chake kilipita pale vilipopita vyetu, kwenye chuma kilicho laini kama shavu.

— Zima, alimwambia mumewe.

Akazima.

— Shuka.

Akashuka. Kalondu aliweka mto ndani ya kiondo, akampa Ndambuki kiondo na mkoba, akanyoosha mkono akaivua ile kofia kichwani mwake akaivaa juu ya kitambaa. Kisha akaketi yeye kwenye tandiko la Farouk, akashika usukani kwa mikono miwili, akajaribu springi.

— Breki ni mguu gani?

— Kushoto, alisema Ndambuki. Lilikuwa jawabu lake fupi kuliko yote aliyopata kutoa kuhusu mashine ile.

— Haya. Sukuma twende nyumbani.

Tulipolisikia neno nyumbani sote tulishusha pumzi, na Ndambuki zaidi yetu, maana alikwisha kuinama na kuweka mabega yake nyuma ya mashine, kiondo kikimning'inia shingoni. Magurudumu yakaanza kuzunguka. Walipofika mbele ya duka, Kalondu alikanyaga breki. Ilishika vizuri.

— Farouk. Jumatatu utakuja nyumbani na hiyo sindano yako. Kuna kiti cha kushona, kirefu, cha watu wawili.

— Inshallah, Mama Nzilani.

— Na wewe kijana wa kanda, utakuja na mtu wa kuchomelea vyuma. Hiyo picha uiache.

— Sawa, mathe.

Meja alikuwa bado amesimama mbele ya ubao wake mtupu, mikono imenyooka ubavuni. Nafikiri alitumaini kwamba ya kabureta haijasikika. Kalondu aligeuka akamtazama kutoka ndani ya kofia.

— Mpishi, alisema.

Ibra aliliinua birika, akalitikisa, halikuwa na kitu.

— Naam, mama, aliitika Meja.

— Sufuria mpya. Nzito. Ile haiungui chini.